Ukitembea Tembea, Ukipiga Simama

Mjukuu wangu,

Mama yako ameniambia kamera umeshanunua, na kwamba wewe na wenzako mmejiandikisha kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mwezi wa Desemba, ili tarehe 9 iwakute kileleni. Tarehe mmeichagua vizuri. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha Mwenge wa Uhuru pale juu pamoja na bendera ya nchi iliyokuwa inazaliwa, na ndiyo sababu kilele kikaitwa Uhuru. Nami nimefurahi kwamba siku hizi watoto wetu wanapanda wenyewe badala ya kuwaachia wageni mlima. Kupanda utafundishwa na mwongozaji wako, na kamera nadhani utaielewa haraka kuliko mimi nilivyoielewa yangu. Ninachotaka kusema ni juu ya mambo hayo mawili yanapokutana, maana nimekaa mlimani ujana wangu wote, kwanza nikiwa mgumu, yaani mbeba mizigo, kisha mwongozaji, na hapo ndipo nilipowaona vijana wengi wakiumia na wengine wakirudi na picha mia tano zisizotazamika.

Kanuni yangu ni moja: ukitembea, tembea, ukipiga, simama. Usichanganye kabisa.

Mjini unaweza kutembea huku unapiga na lisikupate neno. Mlimani mguu unatafuta jiwe, mzizi au ngazi ya udongo iliyolowa, na jicho likishakuwa kwenye kioo cha kamera mguu unabaki peke yake. Hatua mbaya kuliko zote haiendi mbele. Ni ile ya kurudi nyuma ili wenzako watatu waenee kwenye picha. Mtu anarudi nusu hatua, anarudi nyingine, anasema "sogeeni kidogo", na nyuma yake kuna korongo. Ukitaka wote waenee, waambie wao warudi, au tumia lenzi pana. Wewe miguu yako ikishakanyaga, iache hapo hapo mpaka kamera ishuke kifuani.

Halafu kuna pumzi. Wapiga picha wamezoea kubana pumzi ili mkono usitikisike. Ukiwa Moshi haidhuru. Kileleni, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mtu anatoka kutembea, anapiga magoti, anabana pumzi, anapiga picha kumi mfululizo, kisha anainuka ghafla. Kizunguzungu kinachomshika hapo huwa anakidhania ni ugonjwa. Simama kwanza. Acha moyo utulie. Egemeza kamera juu ya fimbo yako ya kutembelea, toa pumzi taratibu, na ubonyeze pumzi inapomalizika kutoka. Piga mbili. Inatosha.

Na kusimama kwenyewe kuna adabu yake. Njia si yako peke yako. Nyuma yako wanakuja wagumu, na kila mmoja amepimiwa mzigo getini. Kanuni ya hifadhi ni kilo zisizozidi 20 kwenye mizani, na mtu aliyejitwika kilo hizo kichwani na mgongoni hawezi kusimama-simama mteremkoni kila unapoona ua zuri. Toka njiani, lakini utokee upande wa mlima, usitokee upande wa bonde. Kanyaga jiwe au udongo mtupu. Mimea ya juu inakua polepole mno. Buti lako likiponda shada la nyasi penye kambi ya Horombo, kidonda chake kitakaa muda mrefu kuliko picha uliyoifuata.

Sasa mzigo wako. Kamera moja, lenzi moja inayopanuka na kuvuta kiasi, betri tatu, memori kadi mbili, kitambaa safi. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani. Najua utabisha, kwa sababu umeona kwenye video nyota za Kibo zikizunguka angani. Usiku wa kwanza utaifungua, usiku wa pili utaiangalia, na kuanzia siku ya tatu atakuwa anaibeba mgumu ambaye hakupewa senti kwa ajili yake. Nyota utazipiga kwa kulaza kamera juu ya jiwe na kuweka soksi chini yake. Droni usiichukue kabisa. Hairuhusiwi hifadhini bila kibali, na hata ingeruhusiwa, sijaona bado mbega anayefurahia kelele ile. Na ikiwa picha zako unategemea kuziuza, ulizia kibali mapema kwa wenye hifadhi, huko Kinapa. Mambo ya getini asubuhi ya safari hayana subira.

Betri ndizo zitakazokuliza. Baridi inazinyonya nguvu hata kama hujazitumia, na simu ndiyo inayozima upesi zaidi: inakuonyesha asilimia arobaini, unaitoa mfukoni, imezimika. Haijafa. Ipashe joto kwapani itarudi. Usiku betri zote ulale nazo ndani ya begi la kulalia, karibu na tumbo, kama mtoto mchanga. Mchana zikae mfuko wa ndani wa jaketi. Na ukitoka baridini kuingia kwenye chumba cha kulia chakula pale Horombo, chenye watu na mvuke wa supu, kamera iache ndani ya begi lililofungwa kwa muda mpaka ipate joto pole pole. Ukiitoa mara moja, lenzi itajaa ukungu, na ukungu ukiingia ndani hautoki kwa kufutwa.

Siku ya kwanza, kutoka geti la Marangu hadi kambi ya Mandara kwenye mita 2,720, watu wengi hawapigi kitu. Wanasema ni msitu tu. Mimi nakwambia hapo ndipo utakapopata picha zako nzuri za kwanza, kwa sababu bado una akili timamu na vidole vinafanya kazi. Mwanga wa msituni ni laini, hasa kukiwa na mawingu, na Desemba mawingu hayatakosekana. Tazama chini penye unyevu: kuna ua dogo, jekundu na manjano, limejikunja mfano wa mkonga wa tembo. Wataalamu wanaliita Impatiens kilimanjari, na halioti penginepo duniani ila mlima huu. Ni dogo kuliko kidole gumba chako. Ukilipita kwa mwendo wa "tufike kambini" hutaliona. Ukilipiga, piga goti, usilichume. Mbega nao utawasikia kabla ya kuwaona. Usiwafukuzie. Kaa kimya, subiri wakutazame wao.

Na jioni, kama miguu inaruhusu, panda hadi kreta ya Maundi, mwendo mfupi kutoka Mandara. Kuna siku pazia la mawingu linafunguka ukaona tambarare hadi upande wa Kenya. Kuna siku huoni hata mwenzako. Mlima haudaiwi picha.

Siku ya pili msitu unaisha, unaingia kwenye vichaka vya erika na nyasi. Kati ya Mandara na Horombo utapita Whona, ambako moto wa Oktoba 2020 ulianzia ukala eneo kubwa. Tuliutazama kutoka mashambani kwetu usiku, mstari mwekundu kwenye ubavu wa mlima, na vijana wa vijijini wakapanda na mapanga na matawi kwenda kusaidia kuuzima. Oktoba 2022 ukaja mwingine, karibu na kambi ya Karanga. Tazama namna mimea inavyorudi. Picha ya shina lililoungua lenye chipukizi ina thamani, hata kama haitapata wa kuipenda mtandaoni. Na hapo hapo ujue kwa nini mwongozaji atakuwa mkali ukiwasha kiberiti.

Horombo, mita 3,720, msilale usiku mmoja tu. Nakuomba wewe na wenzako mlipie siku ya ziada. Wenye safari za siku tano wanaokoa fedha na kupoteza kilele. Siku hiyo ya ziada ndiyo inayoupa mwili nafasi ya kuizoea hewa nyembamba. Siku hiyo mtapandishwa hadi mawe yenye milia, Zebra Rocks, kwenye mita kama 4,000, kisha mtarudishwa kulala chini. Panda juu, lala chini: mwili unaonjeshwa hewa ya juu, halafu unapumzishwa. Kwa mpiga picha siku hiyo ni hazina. Mawe yale ni ukuta mweusi uliochuruzikiwa na maji yenye madini yakaacha michirizi myeupe, na asubuhi jua likiupiga kutoka pembeni, kila mstari unajitokeza.

Lakini kama utapiga kitu kimoja tu Horombo, basi piga lobelia kabla jua halijaifikia. Amka saa kumi na mbili kasorobo, vaa vyote ulivyonavyo, teremka penye kijito. Utaiona imefumba majani yake, imejikunja juu ya kichipukizi chake. Ndani ya shada lile kuna maji, na juu ya maji kuna kigamba cha barafu chembamba. Chini ya kigamba maji hayajaganda, na ndiyo yanayokinga moyo wa mmea usiharibiwe na baridi. Jua likifika, majani yanafumbuka taratibu, kigamba kinayeyuka, na ukikaa kwa utulivu atakuja ndege chozi kufyonza maua ya zile zilizochanua. Jirani yake imesimama senesio kubwa, imejivika majani yake yaliyokauka kuzunguka shina lote, haiyaangushi, na hilo ndilo blanketi lake. Mimea hii inafungua na kufunga kila siku, jua kali mchana, jalidi usiku. Ukae hapo nusu saa nzima. Wenzako watakuwa wanatafuta mtandao.

Ndiyo, mtandao upo. Mwaka 2022 intaneti ya kasi ilizinduliwa pale pale Horombo. Silaumu, siku ya dharura inaokoa maisha. Ila mtu anayepanda huku anarusha laivu anafanya kazi mbili, na zote kwa nusu. Simu yako iweke kwenye hali ya ndegeni tangu getini, uifungue jioni umwambie mama yako umefika, uifunge. Picha zitawekwa mtandaoni ukishuka, hazitaoza.

Kunguru wa huko ni wakubwa, shingo zao nyeupe nyuma, na hawaogopi mtu. Utawaona watu wakiwarushia mkate ili wawapige picha kwa karibu. Usifanye. Kunguru aliyezoeshwa mkate anafungua mabegi ya watu, na panya wenye milia nao wameshajifunza njia hiyo hiyo.

Kutoka Horombo hadi kambi ya Kibo ni jangwa. Kushoto kwako kilele cha Kibo, kulia Mawenzi yenye meno, na katikati tambarare kavu yenye vumbi la volkano. Hapo lenzi usibadilishe, hata ukiwa nayo ya pili. Ndiyo maana nimekwambia ubebe moja. Piga wenzako wakiwa mbali mbele, wadogo, na Kibo yote nyuma yao. Ukubwa wa mlima hauonekani bila mtu mdogo ndani ya picha.

Tukifika hapo, nizungumzie watu, maana ndio watakaokuwa kwenye picha nyingi. Mgumu ana jina. Muulize jina kabla ya kumpiga, na umwombe ruhusa, kwa maneno na si kwa kuinua kamera na kutabasamu. Akikataa, amekataa. Na usimwambie arudie. Nimeona mtu amemsimamisha kijana mwenye mzigo kichwani, akamrudisha chini ya mwinuko apande tena ili mwanga ukae sawa. Yule kijana alirudi, kwa sababu alifikiria kifuta jasho chake cha mwisho wa safari. Picha ilitoka nzuri sana, nami sijaipenda hadi leo. Wapige wakiwa wametua mizigo, wakiwa jikoni, wakicheka, wakicheza karata. Chukua namba zao za simu, na picha zao uwatumie kabla hujaondoka Marangu, maana ukishafika mjini utasahau. Picha hailipi kifuta jasho. Hicho kipo pale pale.

Usiku wa kileleni mtaamshwa kabla ya saa sita, mtakunywa chai na biskuti, mtaanza kutembea kwenye changarawe inayoteleza, hatua moja mbele nusu nyuma, mkizungushwa kona kwa kona. Kuanzia kambi ya Kibo hadi Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, kamera usiitoe. Kabisa. Hakuna cha kupiga isipokuwa taa za vichwani, na mikono ikitoka kwenye glovu kwa dakika mbili vidole havirudi haraka. Vaa glovu nyembamba ndani ya ile nene, ili ukifika juu uvue nene tu. Mbele yako kanyaga alikokanyaga mwongozaji. Akisema pole pole, anamaanisha polepole kuliko unavyodhani. Mwenda pole hajikwai, na usiku ule anayejikwaa anawayumbisha wote walio nyuma yake.

Hapo ndipo ugonjwa wa mwinuko unapojitokeza, na nataka unisikilize kuliko mahali pengine popote. Kuumwa kichwa kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida, mwambie mwongozaji tu. Lakini mwenzako akianza kuyumba kama mlevi, akajibu maswali ovyo, au akakohoa na kuhema hali amekaa, hapo hakuna cha kusubiri alfajiri. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole. Akishindwa, anashushwa saa ile ile, hata kilele kikiwa kinaonekana. Dawa yake kubwa ni kushuka. Vidonge vya kuzuia mwulize daktari kabla ya safari, usiazime vya mwenzio. Na wewe mwenyewe, ukiona umebonyeza kamera mara tatu hukumbuki kama imewashwa, sema. Usione haya. Waliougua wanapouficha ugonjwa, wengi wanauficha kwa ajili ya picha ya kile kibao cha kileleni.

Ukikutana na mgonjwa anateremshwa kwenye machela ya gurudumu moja, wagumu wanne wakikimbia nayo, kaa pembeni, upishe. Kamera ibaki begini. Yule ni mtoto wa mtu, na hajakupa ruhusa.

Basi, mkijaliwa, mtafika Gilman's Point kama saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili, mashariki pakianza kupambazuka nyuma ya Mawenzi. Kila mtu atatoa simu yake kuelekea jua. Nawe piga, si dhambi. Ila huku kwetu jua halichomozi kwa kujikokota. Rangi zile zinadumu dakika chache tu. Endeleeni kutembea ukingoni kupita Stella Point, na jua likiwa bado chini, geuka utazame magharibi. Kivuli cha Kibo kinalala juu ya mawingu, pembe tatu kamili, ncha yake mbali kabisa. Mwezi wa Juni kinaangukia karibu na Mlima Meru. Desemba, kwa kuwa jua linachomoza kusini zaidi, kitakuwa upande wa kaskazini ya Meru. Kinafupika unapokitazama. Wengi wamefika kileleni bila kukiona, kwa sababu walikuwa wamepanga foleni kwenye kibao.

Juu ya kibao: utapanga foleni, nayo ina watu waliogandamana na wenye hasira. Piga moja ya kundi, moja yako, mpishe mwingine. Tena angalia hili, maana sisi weusi ndio tunaoonewa nalo. Kamera ikiona theluji na anga nyeupe inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wako unabaki kivuli bila macho. Theluji nayo inatoka ya kijivu. Ongeza mwanga kwa stopu moja au moja na nusu; kama ni simu, gusa juu ya uso kisha uvute kijijua juu. Geuza watu jua liwapige usoni, wala lisiwe nyuma yao. Miwani ya jua waivue wakati unapobonyeza tu, waivae mara moja; mwanga wa theluji unachoma macho.

Halafu acha kibao, piga barafu. Hilo ndilo ninalokutuma. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walikuja hapa, wakawa wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi, na wakapiga picha za Kibo kwa mpango, kutoka sehemu walizozipima, ili zitumike kuchora ramani. Hawakuwa wanapamba ukuta. Kwa sababu ya picha zile leo tunaweza kusema kwa hakika kwamba barafu ya Kilimanjaro mwaka ule ilikuwa kama kilomita za mraba 12, na kwamba kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Mtu angeniuliza mimi, ningemwambia tu kwamba zamani ilikuwa nyingi, na nani angenisadiki? Kwa hiyo simama mahali panapojulikana, kwenye kibao cha Stella au cha Uhuru, uelekee barafu ya Furtwängler kule ndani ya kreta, uelekee na barafu za kusini, upige pana, bila mtu, bila mbwembwe. Mwaka mwingine wewe au mwenzako mtasimama pale pale mpige tena.

Mkae kileleni dakika chache tu. Kushuka ndiko kunakoangusha watu: magoti yamechoka, usingizi umezidi, changarawe inakimbia na miguu. Kamera ifungie begini ndani ya mfuko wa plastiki mzito, maana vumbi lile linaingia hata pasipo na tundu, wala usiitoe mpaka ufike Kibo, ule, upumzike. Wengine watakaoishia Gilman's au Kibo wasichekwe kwenye makundi yenu ya WhatsApp. Kushuka kwa wakati nako ni kujua mlima.

Jioni ya Horombo, kabla hujalala, chukua daftari uandike kila picha uliyoipenda: tarehe, saa, mahali, ulielekea upande gani, na majina ya waliomo. Usingoje kufika nyumbani. Ukishaoga maji ya moto hutakumbuka jiwe lipi lilikuwa wapi. Nakili kila kitu kwenye memori kadi ya pili, uikabidhi kwa mwenzako aliye na begi tofauti. Chupa za maji za kutupwa msipande nazo, na karatasi, vifungashio na betri zilizokufa zirudi chini na aliyezipandisha.

Nimemwachia mama yako ile fimbo yangu yenye skrubu ya kamera kichwani, mwambie akupe. Na ukija kunionyesha picha, za kibao nitazitazama mwisho. Anza na lobelia.

Babu yako,
Marangu